Kabla hamjachora, kubalianeni namna ya kufuta

Swali: Sisi ni wachoraji wanne. Tumepewa ukuta wa uzio wenye urefu wa kama mita 40 na kimo cha mita mbili na nusu. Hatutaki mchoro wa kuzinduliwa siku moja kisha ukaachwa uchakae. Tunataka ubadilike mwaka hadi mwaka, na wakazi wenyewe ndio wauchore. Tuna wasiwasi wa aina mbili: usije ukawa vurugu ya rangi isiyo na kichwa wala miguu, na usije ukabaki wetu sisi wanne huku wakazi wakiwa watazamaji. Tuanzie wapi? Na je, tupake vanishi juu?

Jibu: Ndugu zangu, swali lenu limejaa kuchora, lakini jambo litakaloamua kama ukuta huu utaishi ni kufuta. Mchoro wa kawaida una mwisho wake: ukikamilika watu hupiga makofi, kazi imekwisha. Wenu hautakuwa na siku hiyo. Ukuta ukishajaa, kila kipya kitakachoingia kitakalia mahali pa kitu ambacho mtu fulani alikipaka kwa mkono wake na akamwita mwanawe aje akione. Msipokubaliana mapema nani ana kauli ya kufuta, kwa utaratibu gani na baada ya muda gani, ugomvi wa kwanza tu utatosha kuwafanya watu waogope kuugusa. Mchoro utaganda, na mtakuwa na kile mnachokikimbia.

Hili lilitokea hata kwenye ukuta uliofungua njia kwa michoro ya mitaa nchini Marekani. Mwaka 1967 wasanii Weusi wa kundi la OBAC walichora Wall of Respect kwenye jengo lililochakaa, upande wa kusini wa Chicago. Waliweka sura za wanamuziki, waandishi, wanamichezo na viongozi Weusi. Wakazi waliukubali ukawa wao, na ukuta ukaanza kubadilika mapema sana. Katika kubadilika huko, sehemu ya mchoraji mmoja ilifunikwa kwa rangi nyeupe na ikachorwa upya na mtu mwingine, na kundi likaingia mfarakano. Jengo lenyewe lilipata moto mwaka 1971 na baadaye likabomolewa. Wale walikuwa watu wenye nia moja na mapenzi makubwa kwa mtaa ule. Nia njema haikuwaepusha na swali la nani afute.

Mfano wa pili unafundisha mambo mawili kwa pamoja. Huko Queens, New York, palikuwa na kiwanda cha zamani kilichojulikana kama 5Pointz, ambacho mwenyewe aliruhusu wachoraji wa rangi ya kupuliza wakifanye turubai lao. Palikuwa na msimamizi aliyepanga nani achore wapi. Kuta nyingine zilikaa na mchoro miaka, nyingine zilibadilishwa mara kwa mara, na kila aliyeingia aliijua kanuni. Utaratibu huo uliendelea zaidi ya miaka kumi. Kisha Novemba 2013 mwenye jengo akapaka kila kitu nyeupe usiku mmoja. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2018 jaji aliamuru walipwe dola milioni 6.75 wachoraji 21, kwa kazi 45. Rufaa ya mwaka 2020 haikubadilisha hukumu, na mahakama ilisema wazi kwamba hata kazi isiyokusudiwa kudumu inaweza kulindwa.

Somo la kwanza ni kwamba kanuni ya kupokezana nafasi inafanya kazi ikijulikana na kila mtu kabla hajashika brashi. Somo la pili ni karatasi. Nchi nyingi zimeweka katika sheria zao haki ya msanii kupinga kazi yake isiharibiwe au kupotoshwa, hata kama ukuta si wake. Msingi wake mmojawapo ni Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki. Kwa hiyo andikeni makubaliano mawili mafupi. Moja na mwenye ukuta: ameruhusu muda gani, atatoa notisi ya siku ngapi akitaka kuubomoa au kuupaka, nani anabeba gharama ya ukarabati. La pili na kila atakayechora: kwamba anajua sehemu yake ni ya muda, na kwamba itapigwa picha kabla ya kufutwa. Ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida unatosha. Mtoto asainiwe na mzazi wake.

Nikija kwenye kufuta kwenyewe, napendekeza hivi, na nimeuona utaratibu huu ukituliza watu wakali. Chagueni kamati ndogo, tuseme watu saba, wachoraji wasizidi wawili, na wajumbe wabadilishwe kwa zamu ili wasitoke wote mwaka mmoja. Kamati ikiamua sehemu fulani ipishe mpya, inabandika karatasi hapohapo kwenye mchoro: "Sehemu hii itapakwa upya tarehe fulani. Ukiwa na sababu ya kuipinga, mwone fulani." Karatasi ikae wiki mbili. Walioichora waambiwe kabla haijabandikwa, kwa mdomo, na mtu wanayemfahamu. Ikifika siku yenyewe waalikwe, na ikiwezekana wao ndio wapake rola ya kwanza. Mtu aliyefuta kazi yake kwa mkono wake hajisikii kuporwa. Aliyepita njiani akakuta imetoweka hatasahau.

Kuna vitu visivyofaa kuwekwa kwenye sehemu ya zamu, yaani ile itakayofutwa na kuchorwa upya, hata kidogo, na cha kwanza ni kumbukumbu ya marehemu. Familia ikishaona sura ya mtu wao ukutani, hakuna karatasi ya wiki mbili itakayowapoza. Ama mumweke kwenye sehemu ya kudumu kwa ridhaa ya familia, ama msimweke. Viongozi wa kisiasa walio hai, waacheni.

Sasa niwape habari njema: mna mita 40, na hamlazimiki kufuta chochote kwa miaka kadhaa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni haraka ya kuujaza ukuta mzima msimu wa kwanza, kwa sababu mfadhili anataka picha au kwa sababu nafasi tupu inaonekana kama uvivu. Msiujaze. Chukueni theluthi, mita 12 au 13, muichore vizuri. Zilizobaki zipakeni rangi moja ya msingi, safi, na muandike kwa herufi kubwa kwamba nafasi hii inasubiri. Kila msimu muongeze kipande. Mchoro wa Great Wall of Los Angeles, huko California, ulikua hivyohivyo. Mchoraji Judith Baca na shirika la sanaa la SPARC walianza kuchora mwaka 1976 kwenye kuta za zege za mfereji wa kuzuia mafuriko, wakawa wanarudi majira ya kiangazi kadhaa hadi 1983. Zaidi ya vijana 400 walishiriki, na mchoro ukafika urefu wa karibu mita 840, ukisimulia historia ya California kuanzia kale hadi miaka ya 1950. Kila awamu iliikuta iliyotangulia imesimama, ikajifunza kutoka kwake. Nanyi mtakapoishiwa nafasi, wakazi watakuwa wameshazoea kanuni, kamati imeshaaminika, na kufuta kwa mara ya kwanza hakutakuwa msiba.

Wasiwasi wenu wa vurugu ya rangi una dawa, nayo ni kuamua vitu vichache visivyobadilika, halafu kuwa wakali juu yake. Mimi ningeweka viwili. Kwanza mstari mmoja unaopita ukuta wote, mwanzo hadi mwisho: mto, barabara, mzizi, uzi, chochote kinachotoka kwenye mazungumzo yenu na wakazi. Mstari huo ni wa kudumu, nao unaingia na kutoka kwenye kila kipande kwa kimo kilichopimwa, ili anayechora kipande cha mwaka wa tano ajue mto unamfikia kwenye sentimita 90 kutoka chini na unamtoka kwenye 120. Pili, rangi zisizozidi nane, nyeupe na nyeusi zikiwemo. Rangi mpya zipatikane kwa kuchanganya hizo tu. Mkono wa mtoto wa miaka minane na mkono wa mchoraji mzoefu vikikaa jirani, jicho halisumbuki sana na tofauti ya ustadi. Linasumbuliwa na waridi ya kung'aa iliyoingia ghafla katikati ya udongo na bluu.

Zaidi ya hapo, waachieni. Mchoraji anayetaka mitindo ifanane atajikuta akirudia kila kitu usiku, na hapo ukuta umekuwa wenu wanne.

Fikirieni pia kutenga kipande cha chini, tuseme chenye urefu wa mita tatu, kiwe cha chaki. Msanii Candy Chang alifanya hivyo New Orleans, Marekani, mwaka 2011: alipaka ukuta wa nyumba iliyotelekezwa rangi ya ubao, akaandika sentensi inayoanza "Kabla sijafa, nataka..." ikirudiwa mistari mingi, akaacha chaki. Siku ya pili ulikuwa umejaa. Wazo likaenea hadi maelfu ya kuta katika nchi zaidi ya 70. Chaki ina faida ambayo watu huidharau: inambeba mtu mwenye dakika mbili tu. Si kila mkazi atakuja Jumamosi nzima kupaka rangi, lakini atapita na kuandika neno. Swali libadilishwe kila mwezi, majibu yapigwe picha, kisha yaoshwe kwa maji. Majibu hayo ndiyo malighafi ya vipande vya msimu ujao. Msiweke tu sehemu ya chaki juu ya mchoro, maana maji machafu yatautiririkia.

Kifaa mnachokiruhusu huamua tabia ya ukuta. Lennon Wall ya Prague, mji mkuu wa Ucheki, iliyoanza baada ya kifo cha mwanamuziki John Lennon mwaka 1980, kwa miaka mingi ilikuwa ya yeyote mwenye kopo la rangi. Serikali ya kikomunisti ya wakati ule iliupaka rangi, watu wakaandika tena. Baada ya utawala huo kuanguka, ukageuka mahali pa watalii kupulizia majina yao juu ya kila kitu. Mwaka 2019 ulikarabatiwa, na tangu hapo rangi ya kupuliza imekatazwa. Zinaruhusiwa penseli, kalamu na chaki. Kwenye ukuta ulio wazi saa zote, kopo la kupuliza linampa mtu mmoja nguvu ya kufunika watu mia kwa nusu dakika. Rangi ya brashi itoke kwenye siku zenu za kuchora, chini ya macho ya watu.

Kuhusu wakazi kubaki watazamaji: hilo hutokea mapema sana, kwenye swali la kwanza mnalowauliza. Mkiitisha mkutano mkauliza "mnataka mchoro gani?", mtapata njiwa, dunia na mikono iliyoshikana, kwa sababu ndivyo mtu anavyodhani mchoro wa ukutani unapaswa kuwa. Ulizeni kitu ambacho hakuna mwingine awezaye kukijibu. Hapa palikuwa na nini kabla ya huu uzio? Mtoto wa leo hajui nini kuhusu njia hii? Ni sauti gani ya asubuhi mnayoitambua hata mkiwa mmefumba macho? Na msiwasubiri mkutanoni. Wanaokuja mikutanoni ni walewale kila mara. Simameni penye ukuta wenyewe asubuhi watu wakienda kazini, mrudi jioni, mrudi siku ya mapumziko, mkiwa na daftari na karatasi kubwa ya kuchorea papo hapo. Mzee akisimulia, mchoreni anachosimulia huku anaona. Atawasahihisha: "Hapana, ule mti uliinamia upande huu." Sahihisho hilo ni ushiriki wa kweli kuliko kupaka rangi ndani ya mstari uliochorwa na mtu mwingine.

Siku ya kuchora yenyewe ipangwe kwa umakini. Mchoraji achore mistari ya nje siku iliyotangulia na kuweka namba ndani ya kila umbo, namba ileile iwe kwenye vikopo vyenye mfuniko. Mtu mmoja kwa kila mita ya ukuta, si zaidi, na kwa zamu za saa moja na nusu. Watoto na wanaosema "mimi sijui kuchora" wapeni maumbo makubwa na brashi pana. Wenye mkono uliotulia wapeni kingo. Ngazi ni ya watu wazima waliofundishwa tu. Awepo mtu ambaye kazi yake ni kuosha brashi na kujaza vikopo, na mwingine wa kuongea na wapita njia. Bila huyo wa pili, wapita njia watapita.

Kisha jioni, watu wakishaondoka, kuna jaribu. Mtaona ukingo uliotetemeka, jicho la ndege lililokaa juu mno, na mkono wenu utawasha. Rekebisheni panapovuja rangi na palipoachwa wazi, basi. Yule mama aliyepaka lile jani atarudi kesho na jirani yake kulionyesha, na atalijua kama si lake.

Wasioweza kufika ukutani, kama wagonjwa, wazee sana au wafungwa, nao wana njia. Mural Arts Philadelphia, mpango ulioanza mwaka 1984, umezoea kuchora kwenye kitambaa chepesi kisichofumwa, vipande vinavyochorwa popote, hata gerezani, kisha vinabandikwa ukutani kwa jeli ya akriliki. Kikibandikwa vizuri hakitofautiki na rangi iliyopakwa moja kwa moja. Kwa ukuta wa zamu njia hii inafaa zaidi, maana kipande cha msimu ujao kinaweza kuandaliwa ndani mvua ikinyesha.

Nije kwenye ukuta kama ukuta, ambako michoro mingi hufia. Kama lipu ni mpya, subirini siku 28. Saruji changa ina alkali kali inayokula rangi. Kama ni wa zamani, tafuteni unyevu: kateni karatasi ya nailoni kiasi cha nusu mita kila upande, mbandike kingo zake zote nne kwa selotepu, muiache usiku kucha. Asubuhi, ukiona matone ndani ya nailoni upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Unga mweupe wa chumvi juu ya lipu ni dalili ileile. Hakuna rangi itakayoshika hapo mpaka chanzo cha maji kirekebishwe, na mara nyingi ni udongo uliorundikana nyuma ya uzio au ukosefu wa kifuniko juu yake. Fanyeni jaribio hilo sehemu kadhaa, hasa karibu na ardhi.

Tumieni rangi ya akriliki ya nje juu ya rangi ya msingi inayofaa ukuta wa saruji. Rangi ya mafuta kwenye uzio wenye unyevu hubanduka vipande. Msipake ukuta ukiwa umechomwa na jua, kwa sababu rangi hukauka juu kabla haijashika chini. Ufuateni upande wa kivuli kadiri siku inavyosogea. Katika zile rangi nane, tegemeeni za oksidi ya chuma, yaani nyekundu na manjano za udongo na kahawia, pamoja na nyeusi ya kaboni na nyeupe ya titani, ambazo jua haliziwezi kirahisi. Nyekundu na manjano kali nyingi hufifia, na zile za kung'aa kama taa hufifia kuliko zote. Mkizitaka, ziwe kwenye vipande vya zamu.

Kila tabaka jipya ni uzito juu ya la zamani. Kabla ya kuchora juu ya kipande cha zamani, osheni, mkwaruze kwa msasa, kisha mkate alama ya msalaba kwa kisu chenye makali hadi kwenye lipu, mbandike selotepu juu yake, mbane vizuri na mvute kwa mkupuo mmoja. Ikitoka safi, endeleeni. Ikitoka na magamba ya rangi, kwangueni hadi chini. Mkipaka juu yake, rangi mpya itabanduka pamoja na ya zamani. Haya yote yaandikwe kwenye daftari la ukuta: tarehe, kipande, waliochora, aina ya rangi, mchanganyiko wa kila rangi. Na chagueni sehemu moja ya kusimama, mweke alama ya kudumu ardhini, mpige picha kutoka hapo kila msimu. Baada ya miaka, mfululizo huo wa picha nao ni kazi ya sanaa.

Fedha: mkiwa na rangi ya kutosha ukuta mzima, tumieni nusu na muweke nyingine kwa ukarabati. Mchoro uliochafuliwa ukasafishwa ndani ya siku mbili huchafuliwa mara chache. Ukiachwa mwezi, unawaambia wote kwamba hauna mwenyewe.

Na vanishi? Pakeni kwenye sehemu za kudumu tu: ule mstari unaopita ukuta mzima, na kumbukumbu za marehemu kama zipo. Iwe ya nje, isiyong'aa, yenye kinga ya miale ya jua, na ipakwe baada ya rangi kukauka kabisa, wiki mbili au zaidi hali ya hewa ikiwa kavu. Ukuta ukiwa na unyevu wa ndani msiipake hata hapo, kwani maji yatakosa pa kutokea na mtaona ukungu mweupe chini yake. Vipande vya zamu viacheni bila vanishi, maana rangi mpya haishiki vyema juu ya uso laini na mtalazimika kusugua mita nzima kwa msasa kila msimu. Mkiogopa kuandikwa ovyo sehemu za chini, ipo kinga ya aina ya nta inayooshwa kwa maji ya moto pamoja na maandishi na kupakwa tena. Someni kopo kabla ya kununua: kama linasema haipakiki rangi juu yake, haiwafai kwenye ukuta wa aina hii.